Tundu Ambalo Fundi Kaza Hakulitoboa

Hakuwa na cheti. Hakuwa na winchi ya kuinulia magari. Alikuwa na jeki mbili na magogo manne. Sikio lake la kushoto halikusikia. Hakuwa na mtoto wa kiume, na wenye midomo walimcheka kwa hilo. Na hadi alipotimiza miaka hamsini na minane, wasikilizaji wapendwa, hakuwa na hofu.

Leo tunamkumbuka Fundi Kaza, mchomeleaji wa fremu za magari ya mashindano, aliyetutoka wiki mbili zilizopita akiwa na miaka sabini na saba. Jina hilo alilipata karakanani. Ukimwamkia, "Shikamoo fundi," alijibu, "Marahaba, kaza!" hata kama mkononi hukushika spana.

Magari yake yalikuwa ya zamani. Mafupi, ya viti viwili, yasiyo na paa. Gari la namna hiyo hupendeza macho, lakini likiingia kona kwa kasi linajipinda kama kitanda cha kamba. Fundi Kaza aliinua tairi moja kwa jeki, kisha akajaribu kufunga mlango. Mlango ukigoma, fremu imejipinda. Basi akaanza kazi: chuma cha pembe nne ndani ya vizingiti vya milango, mabomba mawili yaliyopishana chini ya sakafu, na mengine ya kumzunguka dereva. Alichomelea urefu wa kidole, akahamia upande wa pili, akaacha chuma kipoe. Milango hakuing'oa kamwe. Kila baada ya kuchomelea aliifunga na kuifungua. "Mlango haujui kunibembeleza," alisema.

Mwaka mmoja aliyakaza hivyo magari mawili mekundu, pacha. La kwanza lilichukuliwa na daktari wa meno, ambaye baadaye alihama. La pili lilikuwa la binti yake wa pekee, aliyeliendesha mashindanoni.

Wiki ya mashindano, binti alirudi kutoka mazoezini. Fundi akalala chini ya gari. Pale mkono wa tairi la mbele unaposhikwa kwenye fremu, aliona ufa, mwembamba kama unywele. Alielewa papo hapo. Alikuwa ameikaza fremu mno katikati. Nguvu zote za kona zilikimbilia mbele, kwenye chuma kilekile cha zamani.

Ufa wa chuma, wasikilizaji wapendwa, kwanza hutobolewa tundu dogo pale unapoishia, ili usiendelee kutembea. Ndipo unachomelewa. Sheria hiyo wanafunzi wake waliijua kama majina yao. Lakini lori la kubeba gari lilikuwa limeshawasha injini, na binti amesimama mlangoni.

"Baba, unatengeneza gari au unaliposa?"

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka. Akachomelea juu ya ufa, akapaka rangi. Tundu hakutoboa.

Lori likaondoka, na kicheko kikaondoka nalo. Mjane wake anasimulia: "Nilimpakulia, akakikodolea macho chakula. Nikamuuliza, baba, unaumwa? Akaniambia, 'Mama, mtoto nimempeleka kifoni mwenyewe.'"

Alimpigia binti simu. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Asubuhi ya mashindano alipanda basi, akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili safari nzima. Kila breki ilipolia, alisikia chuma kikikatika.

Alifika magari yamepangwa mstarini, injini zinanguruma. Akaruka uzio. Mlinzi alimfokea kutoka kushoto, hakusikia kitu. Alisimama mbele ya gari jekundu, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti.

"Baba, toka! Unaniaibisha!"

"Shuka."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Shuka, mwanangu. Nilikudanganya."

Alipiga magoti, akatoa kipande cha msasa mfukoni, akakwangua rangi. Ufa ulikuwa umetoka nje ya alama ya kuchomelea. Ulikuwa umetembea upana wa kidole. Binti akaweka ukucha wake pale. Ukucha ukazama. Akaketi chini, kwenye lami, na wenzake wakaondoka.

"Sikumlaumu," anasema leo. "Ila tangu siku ile, baba hakutulia."

Kwa nini hakutulia? Kwa sababu kulikuwa na pacha. Fremu ileile. Mkono uleule uliochomelea. Wiki ileile alimwandikia daktari wa meno barua na mchoro: kagua hapa, ongeza bamba la chuma hapa, ukiona ufa toboa tundu kwanza. Barua ikarudi, mwenyewe amehama. Akaituma mara tatu. Ikarudi mara tatu. Kwa miaka kumi na tisa aliiweka ndani ya sanduku la spana. Gari jekundu likipita njiani, alitazama ukutani. Hata hospitalini, swali lake lilikuwa moja: "Imefika?"

Siku ya mazishi, mteja wake wa zamani alimwendea binti kumpa mkono wa pole. Akasema pacha bado lipo. Daktari amefariki; mwanawe amelifufua gari, na mwezi ujao anaingia nalo mashindanoni. Namba ya simu hakuwa nayo. Anwani alikuwa nayo.

Kwa mjane, kwa binti, na kwa wote waliojifunza kazi mikononi mwake, tunatoa pole za dhati. Kijana wa gari jekundu, kama unatusikia, liache lilipo mpaka barua ikufikie. Nanyi wengine, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja na kazi yake, tujiulize ni kipi tumekipaka rangi kwa sababu mtu alikuwa anasubiri mlangoni.

Jana asubuhi binti aliitoa barua kwenye sanduku la spana. Ilinuka grisi. Hakubadilisha neno la baba yake. Chini ya mchoro aliongeza mstari mmoja: "Ufa huu niliushika kwa kidole changu." Akaikunja, akaitia katika bahasha mpya, akafunga, akapitisha kidole gumba ukingoni mara mbili kuhakikisha imeshika. Kisha akaisukuma chini ya dirisha la posta, na karani akaigonga muhuri.