Kapteni Hasinzii

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao nje ya kibanda cha fundi viatu, mkabala na geti la ghala la saruji. Hapo huketi Fundi mwenyewe, anayeshona kwa dakika kumi na kuongea kwa saa nzima. Profesa, karani mstaafu ambaye hajawahi kukosa jibu. Na Muuza Kahawa na birika lake jipya, kubwa mara mbili ya lile la zamani. Wa nne ni Afande, mlinzi wa ghala, ambaye kila asubuhi akitoka zamu huja na mbwa wake, Kapteni. Siku hiyo alikuja uso umemshuka. Kapteni alikuwa siku ya tatu anatetemeka, anahema, hasinzii. Bosi wa ghala alishasema hataki mbwa mgonjwa getini kwake, na saa nne angepita kuhakikisha.

— Minyoo hiyo, alisema Fundi bila kuinua macho. Mpe mbegu za papai.

— Nimempa. Kazitema.

— Basi viroboto.

— Nimemwogesha kwa sabuni ya unga. Sasa anatetemeka huku ananukia.

Profesa alikohoa, ishara kwamba elimu inakuja.

— Presha. Mbwa wa zamu anawaza wezi mchana kutwa. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ngamani.

— Inahusiana nini na presha?

— Inahusiana. Apumzike.

Akamalizia kikombe chake, akamimina mashapo yenye sukari kwenye kopo lililokuwa chini ya benchi, kama alivyozoea. Kapteni akayalamba yote.

— Mnamchosha bure, alisema Muuza Kahawa. Huo ni umeme. Pale anapolala kuna waya chini ya ardhi. Umemwingia taratibu.

— Mbona mimi nikimshika sipigwi shoti?

— Una viatu vya mpira, Afande.

— Mbwa anasikia mawazo ya mtu, alidakia Fundi. Kajua bosi anataka kumfukuza, ndo maana anatetemeka.

— Kaanza kutetemeka bosi hajasema kitu.

— Si ndo nakwambia? Anasikia mawazo.

Kichwa kilimzunguka Afande. Alitaka jambo moja la kufanya, akapewa matano. Nyumbani kwake hakukuwa na mtu. Miaka minne sasa wa kumsemesha ni huyu Kapteni, na aliogopa, wala hakuona haya kuogopa.

— Apigwe sindano, Profesa aliamua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sindano na mvungu wapi na wapi?

— Utaelewa baadaye.

— Kwanza achangamke, alisema Muuza Kahawa, akamjazia kopo nusu. Mgonjwa hanyimwi.

Kando yao alisimama mama mmoja, mguu mmoja peku, akisubiri kisigino cha kiatu chake kigongwe.

— Samahani wazee wangu. Huyu maji anakunywa wapi?

Fundi alimtazama Profesa. Profesa alimtazama Muuza Kahawa. Muuza Kahawa alimtazama Afande, na Afande akamtazama Fundi. Kila mmoja alidhani mwenzake humpa.

Mama aliinama mvunguni, akalitoa kopo. Ndani lilikuwa jeusi mpaka ukingoni. Akalinusa.

— Kahawa?

— Kidogo kidogo tu, alisema Profesa. Kila mtu kidogo.

— Na hizi siku tatu tumemzidishia, aliongeza Fundi. Apate nguvu.

— Kahawa ni sumu kwa mbwa, baba zangu. Wa kwetu alilamba kikombe kimoja, tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Mpelekeni sasa hivi, na mkamwambie kanywa nini.

Aibu ilimshika Afande. Mashapo ya kwanza, kila asubuhi, yalikuwa yake. Alimpa kwa mapenzi. Alimbeba Kapteni mikononi, moyo wa mbwa ukimdunda kifuani mbio mbio. Hatua tatu akageuka.

— Bosi akipita akiuliza mbwa anaumwa nini, mtamwambiaje?

Fundi alishika nyundo, hakugonga. Muuza Kahawa alifunika birika. Profesa akatazama kikombe chake. Yalikuwa yamebaki mashapo. Mkono ukaelekea chini ya benchi wenyewe, ukaishia njiani, naye akabaki hivyo, hajui ayamwage wapi.