Kibrashi, Mpaka Rangi wa Treni Kubwa na Ndogo

Ndugu, jamaa na majirani, nimepewa ukurasa mmoja wa programu na dakika tano za kusimama mbele yenu. Mimi ni kaka wa marehemu, dalali wa mnada. Wengi wenu mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Leo sauti yenyewe imenikimbia, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya pili, mlango wa mwisho karibu na bomba. Alikuwa kitinda mimba kati ya watoto wawili wa mlinzi wa kivuko cha reli na mkewe, mshonaji. Treni ya asubuhi ilipopita, vikombe vilitembea mezani. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alijifunza kutambaa kwa kufukuza kikombe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Hesabu zilimpiga chenga tangu siku ya kwanza, lakini mkono wake ulikuwa na baraka. Akiwa darasa la tano, mwalimu wa jiografia alilikamata daftari lake likiwa na treni moja iliyoanzia jalada la mbele ikaishia jalada la nyuma, mabehewa thelathini na mawili, bila mlima wala mto hata mmoja. Lote lilichorwa kwa penseli. Adhabu yake ikawa kupaka namba kwenye milango ya madarasa. Alizipaka vizuri mno, hadi mwalimu mkuu akairefusha adhabu ifike vyooni. Hapo ndipo alipopata jina la Kibrashi, na sidhani kama kuna mtu hapa aliyewahi kumwita vingine. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1975.

Tarehe 1 Juni 1976 aliajiriwa karakana ya reli, sehemu ya rangi, akakaa huko karibu miaka thelathini na sita. Aliweza kuvuta mstari wa urefu wa behewa zima bila rula, akitembea kinyumenyume, huku amebana pumzi. Mafundi wenzake walioketi pale nyuma watanisahihisha nikitia chumvi.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na mtunza stoo wa karakana hiyo. Sisi nyumbani tulicheka sana, maana tulisikia anakwenda stoo mara kumi kwa siku, tukasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ukweli nimeujua majuzi tu. Marehemu hakuweza kuzitofautisha rangi. Nyekundu, kahawia na kijani, machoni pake zilikuwa kitu kimoja. Wangejua wakubwa wa karakana, kibarua kingeota nyasi siku hiyohiyo. Lebo za makopo zilizibwa na michirizi ya rangi, kwa hiyo yule binti wa stoo alikuwa akikwaruza vifuniko kwa msumari: mkwaruzo mmoja nyekundu, miwili kahawia, mitatu kijani. Hakumwambia mtu. Wala marehemu hakumwambia mtu, hata mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni.

Ndoa ilipofikisha miaka kumi, shemeji alimnunulia treni ya mfano, injini na mabehewa matatu, ndani ya sanduku lake la kiwandani lenye dirisha la plastiki. Wiki haikuisha marehemu akawa amelichana sanduku, akazipiga msasa zile rangi za kiwandani na kuligeuza behewa la kwanza liwe kama yale ya karakanani: rangi ya damu ya mzee, mstari mweupe, namba ubavuni, hata kutu chini ya vishikio vya milango. Shemeji ndiye aliyeichanganya hiyo damu ya mzee, kwenye kifuniko cha kopo. Nilipoiona nilishika kichwa. "Kibrashi, umeua mali! Vitu hivi watu wanavitafuta vikiwa havijaguswa!" Shemeji akanijibu, "Shemeji, hii si ya mnadani. Ni ya mezani."

Wimbo huo niliuimba miaka mingi. Kila nilipowatembelea nilikuta treni nyingine imechanwa sanduku, nami namkaribisha mwenye nyumba kwa hotuba. Mwishowe nikapunguza kwenda. Nilisema nina kazi nyingi. Kazi zilikuwepo, lakini si nyingi kiasi hicho.

Shemeji alifariki tarehe 2 Novemba 2011. Miezi minne baadaye marehemu aliomba kustaafu, na watu wakasema ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, tena makubwa. Lakini pia pale stoo alikuwa amekaa mtu mwingine, na vifuniko havikuwa na mikwaruzo. Tangu hapo aliishi peke yake katika vyumba vile viwili, meza moja, kiti kimoja. Kile cha pili alikipandisha juu ya kabati. Treni zote alizopaka baada ya hapo ni nyeusi, nyeupe na kijivu. Nilimtania kwamba amefungua kampuni ya kusafirisha mkaa, naye akacheka. Sikumuuliza sababu.

Tarehe 3 Februari mwaka huu, 2023, alilazwa kwa ugonjwa wa figo. Mimi nikabaki na ufunguo wa nyumba, na dalali ukimwachia ufunguo umeyataka. Nilimwita mkusanyaji wa treni ndogo aje kuzitazama. Nilitaka ziuzwe, Kibrashi atoke kwenye vile vyumba, apate nyumba jirani na kwangu. Yule bwana alizipitia moja moja kwa kioo cha kukuzia. "Mkono huu sijauona popote," alisema, "lakini mkusanyaji anatafuta rangi ya kiwandani na sanduku lake. Ukishabadilisha, thamani imeshuka." Moyo wangu ulifurahi, nisiwafiche. Miaka ishirini na tisa ya kubishana, na nimeshinda.

Basi nikafanya nilichofanya. Nilichukua behewa la kwanza, lile la damu ya mzee, nikalilaza kwenye dawa ya kuondoa rangi na kulisugua kwa mswaki hadi plastiki ikaonekana. Nilidhani naliokoa. Mkusanyaji aliporudi alilitazama, akaniambia taratibu, "Mzee, mwanzo lilikuwa limebadilishwa na fundi. Sasa halina kiwanda wala fundi."

Nililipeleka wodini nimelifunga kwenye gazeti. Marehemu alilipapasa ubavu, akatafuta namba kwa kidole, asiipate. Hakunipigia kelele. Alisema, "Kaka, hiyo rangi ilikuwa ya mkono wake. Mimi siwezi kuichanganya. Siioni." Ndipo aliponieleza yote niliyowasomea hapa, tangu penseli hadi misumari. Tulikuwa na miaka sitini na mitano ya undugu, na ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikiliza bila kumkatiza.

Alasiri tatu mfululizo nilikwenda na makopo na kifuniko. Yeye alichanganya, mimi nikawa macho. "Ongeza nyekundu. Imezidi. Tia kahawia kidogo." Muuguzi alilalamikia harufu, akatufungulia dirisha, siku ya pili akaleta na kiti. Tulitupa michanganyiko kumi na moja. Siku ya tatu akaniuliza, "Hii vipi, Kaka? Ndiyo yenyewe?" Nikatazama. Ilikuwa imeelekea kwenye matofali, haikufanana na ile ya shemeji hata kidogo. Nikamwambia, "Ndiyo yenyewe." Alitabasamu mpaka nikaona pengo lake la utotoni. Akabana pumzi, akalipaka behewa upande mmoja, kisha akasema amechoka, upande wa pili kesho.

Marehemu alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 21 Februari 2023, saa kumi alasiri, siku kumi na sita kabla ya kutimiza miaka sitini na sita. Mkusanyaji amenipigia simu mara mbili. Anasema sasa wapo watu wanaozitaka zile nyeusi na nyeupe kwa sababu ya mkono uliozipaka, na bei nitaje mimi. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nimekosa cha kutaja. Haziuzwi.

Marehemu hakujaliwa mtoto. Ametanguliwa na wazazi wetu na mke wake mpenzi. Ameacha kaka mmoja, ndiye mimi. Mchapaji wa programu aliniuliza kama kuna karatasi nimeisahau nyumbani. Nikamwambia hapana, orodha ni hiyo.

Lala salama, Kibrashi, mdogo wangu. Unakwenda kwa mtu asiyeweza kukudanganya kuhusu rangi. Akikuambia, unisamehe.