MG ya Athol Imeanza Kunywa

Benchi lenyewe liko mbele ya duka la mikate la Lorrimer, kaskazini mwa Tasmania, mahali ambapo jua la asubuhi hufika kabla halijafika kanisani, na labda ndiyo sababu wanaokaa hapo hawaonekani kanisani. Malori ya magogo hupita yakishuka kutoka milimani na kuwamwagia vumbi la magome ya miti kwenye vikombe vya kahawa, wala hakuna anayehama. Upande wa kulia ni kwa Nywele, ambaye kichwa chake kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Katikati, kwenye nafasi ya watu wawili, ni kwa Kadogo, aliyeendesha malori hayohayo mpaka magoti yakagoma. Kushoto hukaa Mwalimu Una, aliyewafundisha wote wawili kusoma na hajaridhika na matokeo mpaka leo. Athol Gurney hana mahali pake kwenye benchi. Yeye huegesha mbele yao na kukaa ndani ya gari lake, mlango wazi, mguu mmoja nje, ili mtu asije akasahau kwamba ana MG, gari dogo la Kiingereza la michezo.

Asubuhi hiyo alikaa vilevile, ila raha hakuwa nayo. Gari lilikuwa limeoshwa. Kuna mtu alikuwa njiani kutoka mjini Launceston kuja kulitazama, na akilipenda angeondoka nalo.

Athol alilinunua gari hilo kabla hajaoa: jekundu, viti viwili, turubai la kulifunika limekunjwa nyuma tangu ujana wake, mvua inyeshe isinyeshe. Ndilo alilokwenda nalo kumposa Nance. Nance alikubali posa, akakataa gari. Alisema hatapanda tena kitu kisicho na paa, na neno lake amelishika miaka yote ya ndoa. Sasa gari limeanza kunywa petroli. Zamani tangi moja lilimpeleka Athol Launceston na kumrudisha Jumamosi nne, akizipanda na kuzishuka kona za mlima wa Sideling. Siku hizi tangi linakata roho Jumamosi ya tatu. Njia ileile, siku ileile, dereva yuleyule. Amebadilisha plagi. Amesafisha kabureta zote mbili na kuzisikiliza moja moja kwa kipande cha mpira wa kumwagilia maua, ncha moja kwenye kabureta, nyingine sikioni, kama daktari. Amekagua breki kama zinashika zenyewe. Hakuna kitu. Fundi alimwambia injini ishushwe ifunguliwe yote, kisha akataja bei kwa sauti ya mtu anayepeleka taarifa ya msiba. Athol anaishi kwa pensheni. Akapiga simu, akalitangaza gari.

— Ni petroli, alisema Kadogo. Petroli ya siku hizi nyepesi.

Akaeleza kwa kirefu kwamba zamani petroli ilikuwa na mwili, ukichovya kidole unaisikia, lakini sasa wanaiosha mpaka inabaki harufu tu.

— Mbona gari la Nance halijaongeza? aliuliza Athol. Linakunywa pampu hiyohiyo.

Kadogo alipiga funda la kahawa apate kufikiri.

— Gari la Nance lina adabu.

Nywele alikuwa akingoja zamu yake. Kwake yeye tatizo lilikuwa uzito. Chuma kikila hewa kinapata kutu, na kutu ni nzito kuliko chuma, hilo limo vitabuni. Kwa hiyo gari linalozeeka linanenepa kwa ndani, hata kama kwa nje linaonekana lilelile.

— Kama wewe, Athol, alimalizia.

— Mimi nimepungua, alisema Athol, akavuta mkanda wa suruali wakaona tundu alilolihamia.

Mwalimu Una alimwuliza anaendeshaje.

— Kama siku zote, alisema Athol.

Alilisema kwa heshima zake zote, na aliliamini. Ni kweli kwamba Jumamosi iliyopita, kwenye ile kona iliyo baada ya kituo cha kutazamia bonde, alikanyaga mpaka sauti ya ekzosi ikagonga mwamba na kumrudia, na mkia wa gari ukateleza kidogo tu, na Athol akajiona ana miaka ishirini na minne. Lakini hilo hakulihesabu kuwa jambo la petroli. Hilo lilikuwa jambo la furaha, na katika hesabu za Athol furaha haikuwa na gharama.

— Kosa lako ni woga, alisema Kadogo. Mlima unaupanda kwa woga, injini inakaa mlimani muda mrefu, inakunywa muda mrefu. Ungekanyaga, ungemaliza mlima mapema, petroli isingepata hata nafasi ya kutoka. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Hiyo maana yake ni kinyume, alisema Mwalimu Una.

— Mwalimu, simba hana kabureta.

Mwalimu Una akasema kwa hesabu hiyo basi mtu anayekula haraka hashibi. Kadogo akaitazama pai ya nyama iliyokuwa mkononi mwake kama rafiki aliyemsaliti.

Hapo Nywele akapata nguvu. Alianza na rangi: nyekundu inavuta jua, jua linachemsha tangi, petroli inapaa kama mvuke, na dawa yake ni kulipaka gari chokaa. Alipoona rangi haikupokelewa, akaingia kwenye jambo ambalo, alisema, alikuwa amelificha muda mrefu asije akaonekana mwendawazimu. Sideling inakua. Kule New Zealand ardhi haitulii, kila ikitikisika inasukuma huku, na mlima hauna pa kwenda ila juu. Kadogo, ambaye dakika moja kabla alikuwa upande wa petroli, alihama kambi palepale. Alikumbuka kwamba miaka yake ya mwisho barabarani lori lilikuwa likiomba gia ndogo mapema zaidi kuliko zamani. Haba na haba, alisema, hujaza kibaba. Mwaka huu ukucha, mwaka ujao ukucha, mara unakuta mlima mpya.

Athol aliwasikiliza na moyo ukimwuma. Aliona kwamba hawa watu wangemkuzia mlima mzima kuliko kumwacha auze gari, akawapenda kwa hilo, ingawa asingewaambia.

Mgeni alishushwa na gari la rafiki yake, ambalo halikusubiri. Kumbe ni mwanamke, Linh Doan, daktari wa meno, umri wa kama miaka arobaini, koti la mvua na viatu vya kazi. Hakusema gari ni zuri. Alipiga magoti akachungulia chini, akaomba liwashwe, akainamisha kichwa upande na kusikiliza, kisha akaomba lizimwe. Athol alimheshimu kwa hayo, na kwa hayohayo akamchukia kidogo. Akamweleza ukweli kabla hajaulizwa: linakunywa, na sababu haijulikani. Benchi likamsaidia kueleza. Linh alisikiliza petroli iliyooshwa, kutu, chokaa, hata mlima unaokua, na uso wake ulikuwa uleule anaowaonyesha wagonjwa wanaosema wanapiga mswaki kila siku. Halafu akafungua mlango wa abiria.

— Nani hukaa hapa?

— Hakuna mtu, alisema Athol. Mke wangu hapandi.

— Kuna kitu. Ngozi yote imepauka kwa jua, isipokuwa hapa.

Akapitisha kidole juu ya kiti. Ilikuwa duara, nyekundu iliyoiva, upana wa sinia.

— Aa. Hiyo keki.

Akaeleza bila kuona kuna cha ajabu. Kila Jumamosi Nance alikuwa akioka keki ya sponji kwa ajili ya meza ya chai ya akina mama wanaochangia wagonjwa kule Launceston. Tabaka mbili, katikati krimu na pasheni, ndani ya mkebe wa bati, mkebe juu ya kiti.

— Keki ya krimu, alisema Linh polepole. Juu ya Sideling. Kwa gari hili. Ilikuwa ikifika nzima?

— Siku zote.

— Uliwezaje?

Miaka mingi hakuna aliyewahi kumwuliza Athol swali hilo. Aliingiza mguu ndani ya gari, akashika usukani, mgongo ukanyooka.

— Hiyo ni kazi ya akili, alisema. Kukanyaga hakuna. Unaondoka kama unamwacha mtoto amelala. Unapanda gia mapema, ya tatu, ya nne, unaiacha injini inong'one. Kona unaitazama ingali mbali, unatoa mguu, gari lipungue lenyewe, maana ukigusa breki tu krimu inakuja mbele. Mlima unaupanda na mguu mwepesi, kama umevaa soksi. Ukishuka unaliacha liteleze ndani ya gia. Malori yatakupigia honi. Unayapisha. Mwendo wako ni mmoja, mmoja tu, mpaka mjini.

Hakuna aliyekunywa kahawa. Pai ya Kadogo ilikuwa imesimama nusu ya safari. Mwalimu Una alivua miwani.

— Na siku hizi unabeba nini? aliuliza Linh.

— Siku hizi sibebi kitu.

Athol alilisikia neno lake mwenyewe likitoka, likakaa pale mbele ya kioo.

— Tangu lini?

— Tangu maonyesho ya kilimo. Novemba.

— Na kunywa kulianza lini?

Nywele, mwenye mlima wake, alihesabu miezi kwa vidole, kisha akaurudisha mkono mfukoni taratibu. Athol alitazama chini, kwenye kikanyagio cha petroli. Mpira wake ulikuwa umelika upya, unang'aa mahali ambapo wayo wa mtu mzima hauna sababu ya kukaa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu kikawa kinakuja kicheko, lakini hakikufika.

— Basi si uendeshe vilevile, alisema Kadogo. Uache tu keki.

Athol alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu wote alio nao.

— Siwezi, alisema. Kona ya kwanza nitakumbuka. Ya pili nitasema leo tu. Najijua.

Linh alifunga mlango, ila mkono wake ukabaki juu yake.

— Gari zima kabisa hili, alisema. Ningelichukua leo hii. Lakini niambieni. Kwa nini huyo mama haoki tena?

Lori la magogo lilipita. Jibu kila mtu pale alilijua, ila mgeni. Novemba, kwenye hema la mapishi la maonyesho ya Lorrimer, keki ya Nance Gurney, iliyochukua utepe wa kwanza miaka mingi kiasi kwamba wenzake walikuwa wakioka wakigombea wa pili, iliondolewa mezani. Juu yake palikuwa na mistari ya wavu wa waya wa kupozea keki. Kanuni inasema sponji yenye alama ya waya haishindani, na jaji aliisoma kanuni hiyo kwa sauti, mbele za watu, kama anawasomea watoto majina. Nance alirudi nyumbani, akaosha mikebe yake, akaipandisha rafu ya juu, akasema kwa kuwa mikono yake imeshindwa na waya, Launceston watafute wa kuwalisha. Hajaoka tangu siku hiyo, wala hajasemezana na jaji. Jaji alikuwa upande wa kushoto wa benchi, kikombe mkononi.

— Kanuni ilikuwa wazi, alisema Mwalimu Una.

Akahamisha kikombe mkono wa pili.

— Mistari ilikuwepo.

— Ilikuwepo, Mwalimu, alisema Kadogo kwa upole.

Mwalimu Una alivaa miwani, akaivua tena.

— Ilibidi uitazame kutokea upande wa mlango, mwanga ukija hivi. Na uiname. Niliinama sana.

Nywele alifungua kinywa. Kadogo akamkanyaga mguu.

Mwalimu Una aliweka kikombe chini ya benchi, akafunga kitambaa cha kichwa kwa fundo la safari, akavuka zile hatua chache mpaka aliposimama Linh.

— Samahani, mwanangu, nipishe, alisema. Athol, nipeleke kwa Nance.

— Mwalimu, hatakufungulia mlango.

— Nitasimama nje. Nina umri wa kusimama nje ya mlango wa mtu.

Athol alimtazama Linh. Alitaka kusema gari haliuzwi, akaona hana haki hiyo bado, maana kama mikebe itabaki rafuni, petroli itaendelea kwenda na fundi atangoja na bei yake.

— Nipe muda kidogo, alimwambia. Akikubali kuoka, nitakurudisha Launceston mwenyewe na nitakuomba radhi njia nzima. Akikataa, nitarudi hapa na ufunguo nitakupa.

— Nitangoja, alisema Linh.

Mwalimu Una aliketi juu ya ile duara, mkoba magotini, shingo imekakamaa kama anapelekwa kwa mkaguzi. Athol aligeuza ufunguo. Gari likaachana na ukingo wa barabara bila kishindo, gia ya pili, ya tatu, likapisha lori lipite na lingine nyuma yake, likaenda zake na barabara ya Lorrimer kwa mwendo mmoja, na kwenye kona ya posta taa za breki hazikuwaka.

Linh alilitazama mpaka likapotea. Kisha akakaa upande wa kushoto wa benchi.

— Mnadhani atakubali?

Nywele alikuna kichwa. Kadogo alitazama ndani ya kikombe chake, akakuta hakuna kitu. Wote wawili walizaliwa hapa, wamekula keki za Nance Gurney kwenye arusi na misiba ya nusu karne, na walikuwa na maoni juu ya petroli, kutu, simba na milima ya ng'ambo. Juu ya Nance hawakuwa na la kusema. Kadogo akasogea kidogo kumpa mgeni nafasi, akaikata pai yake katikati, akampa kile kipande chenye nyama zaidi.