Karani wa Benchi la Nyuma

Ndugu waombolezaji, ninayesoma ni mdogo wake wa mwisho, na sauti ikinitetemeka msidhani ni kilio peke yake, nina hasira pia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga, akamaliza sekondari mwaka 1984, akasomea uhazili, na tarehe 1 Juni 1987 akaajiriwa kuwa karani wa Baraza la Mji. Tarehe 12 Desemba 1992 aliolewa na mpima ardhi, wakajaliwa watoto wawili, muuguzi na fundi umeme. Nyumbani kilichoandikwa hakikufutwa, hata kama ni orodha ya sabuni.

Wananchi walikaa benchi la nyuma kusikiliza tu, na karani aliandika maneno ya madiwani peke yao. Tarehe 13 Februari 2024 muuza mboga mmoja alisimama huko nyuma akasema maji ya mtaro yanaingia vyumbani mwao na hakuna diwani hata mmoja anayepanga chumba kule, akatolewa nje na askari, lakini dada alikwisha kumwandika neno kwa neno. Kikao kilichofuata mwenyekiti alisaini muhtasari bila kuusoma, kama mazoea yake, na walipofika kwenye yatokanayo, yaani mambo ya kikao kilichopita, mtaro ukawa mezani.

Dada aliamriwa afute maneno yale, akajibu kwamba muhtasari uliosainiwa haufutwi, akasimamishwa kazi, na wenzake wakawa wakimwona wanavuka barabara. Ndipo madiwani watatu wakaleta hoja kwamba wapangaji na wachuuzi wapewe viti barazani, na benchi la nyuma liruhusiwe kusema. Imeahirishwa mara mbili, kura ni Jumanne hii.

Mwezi Mei dada aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kila nilipoingia wodini aliuliza hoja imefika wapi, na siku moja, kwa kumwonea huruma, nilimdanganya kwamba imepita, akanyoosha mkono akataka kuona muhtasari. Sikuwa nao, na aibu ile bado ninayo. Alifariki tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na wafanyakazi wenzake, hata waliovuka barabara. Mheshimiwa mwenyekiti, asante kwa kuja, aliyekaa nyuma yako ni yule muuza mboga, na Jumanne sote tutakuwa naye kwenye benchi lake.

Dada, pumzika kwa amani, safari hii nitakuja na muhtasari mkononi.