Aliyeshika Miguu

Benchi letu liko kati ya banda la kinyozi na gereji ya pikipiki, na mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali, kwa sababu hapa kila mtu ni fundi na hakuna wa kuutengeneza. Mimi ndiye muuza kahawa. Nasikiliza upuuzi tangu asubuhi, miguu inaniuma, na wateja wangu hukalia kikombe kimoja kama kuku na yai. Siku hiyo Kinyozi hakufungua banda. Alikaa amejiinamia, macho mekundu, kahawa imempoa mkononi. Jana yake yeye na mkewe walimpeleka binti yao wa kwanza, kichanga wa wiki sita, kupata chanjo. Tangu warudi, hajamshika mtoto. Spea, yule wa gereji, hakuamini.

SPEA: Hujamshika? Mwanao mwenyewe?

KINYOZI: Naogopa, bwana. Nesi alimtia matone mdomoni, akalamba vizuri tu. Halafu akaniambia, "Baba, shika miguu, kaza." Nikakaza. Mimi kutwa nashika vichwa vya watoto wa watu, wanapiga mayowe, mkono hautikisiki. Lakini sindano ilipoingia pajani, alinitazama mimi. Si nesi. Mimi! Usiku kucha ana kajoto, analia. Nesi alishatwambia homa ndogo ni kawaida, ikizidi tumrudishe. Haijazidi. Ila nikimsogelea tu, kilio kinapanda.

Mzee Redio akakohoa. Ni mlinzi mstaafu, na jina hilo alilipata kwa kutozimika.

REDIO: Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe.

KINYOZI: Hakulilia kitu, Mzee. Alikuwa amelala.

REDIO: Basi mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

— Kwani alijidunga? nikauliza huku nammiminia. Huyu hajibu, hutangaza.

SPEA: Sikiliza kitaalamu. Mtoto mchanga ni injini mpya. Ukiikosea mwanzoni, itakohoa mpaka izeeke. Huyo ameshakuwekea kinyongo. Akikua, akiumwa jino atamwita mama. Akifaulu mtihani atamwita mjomba. Wewe utaitwa bomba likipasuka.

REDIO: Si sura anayokumbuka, ni harufu. Badili sabuni.

SPEA: Na unyoe ndevu.

KINYOZI: Nilinyoa alfajiri. Akalia vilevile.

Nikamtazama kidevu. Kinyozi mzima, amejikata mahali pawili. Nilimhurumia, nisiseme uongo.

KINYOZI: Mwezi ujao ni chanjo ya pili. Siendi. Amshike mtu mwingine.

REDIO: Nitakwenda mimi. Nipe shati lako tu.

SPEA: Na hicho kitambi? Mtoto si mjinga, Mzee. Twende sote! Kofia za aina moja, miwani myeusi, huyu ashike goti, yule kisigino. Achanganyikiwe, asijue amchukie nani.

REDIO: Umoja ni nguvu!

Wakaanza kugombania kisigino. Haki ya Mungu, nilitamani kuwamwagia birika. Kinyozi hakucheka hata kidogo. Alikuwa anawasikiliza, tena kwa makini, na hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Mara mkewe akatokea nyuma ya banda, wanakoishi, nywele hazijachanwa, mtoto begani analia kile kilio cha kuchoka. Ukuta wenyewe ni mabati. Alikuwa ameyasikia yote.

— Shikamoo, Mzee. Shemeji zangu, habari za hapa.

Tukaitikia kwa aibu. Akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti, nadhani hakuwa na nguvu ya kuipaza.

— Wewe ulishika miguu tu, umeikimbia nyumba. Mimi nilimpakata. Nikambusu, nikamwambia, "Nyamaza mama, haitauma." Kwa sauti hii hii ninayombembelezea. Haya, mimi nijifiche wapi?

Spea akatazama viatu vyake. Mimi, baba wa watoto wanne, nikakumbuka kwamba sijui hata mlango wa kliniki unaelekea wapi, nikashika birika langu.

Kinyozi akainuka, akanyoosha mikono. Alipompokea, mtoto akalia kwa nguvu mpya, akarusha mateke kwa kale kapaja kalikovimba.

— Najua, alimwambia. Najua, mama. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekushika.

Lakini hakumrudisha. Mkewe akaketi pale alipotoka mumewe, katikati ya Spea na Redio, na kabla sijamaliza kumuuliza kama atakunywa, alikuwa amelala, mdomo wazi. Hakuna aliyethubutu kujongea. Kinyozi alikuwa anatembea na binti yake mbele ya banda, huku na huku, mtoto bado analia. Akaja mteja wa kunyoa, akaambiwa arudi kesho.