Karani Aliyekataa Kubandika Amri Isiyo na Tarehe

Bwana Adelard Kaijage, karani mtunza sheria wa mahakama yetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1956 baada ya miaka ishirini na tisa kazini. Nimeombwa niandike maneno matamu. Nitajaribu, lakini ukweli ni kwamba mtu huyu amenichosha.

Alikuja kutoka Bukoba mwaka 1927, na tangu hapo kazi yake ni moja: Gazeti la Serikali likifika, hukata mabadiliko ya sheria na kuyabandika kwa gundi katika vitabu vya hakimu. Kazi ya dakika kumi, yeye huifanya siku nzima. Husoma kila mstari mara tatu na kupima pembe kwa rula. Funguo za ofisi anazo yeye, na hatuondoki mpaka afunge, hivyo sisi wengine tumekosa basi la Temeke mara ngapi sijui, tukarudi kwa miguu na njaa zetu.

Mwaka jana ikaja habari ya kinga, iliyoanza miaka mingi nyuma. Mataifa makubwa yalikuwa yamekubaliana kwa mkataba kwamba mashirika yao ya kimataifa yasishtakiwe mahakamani. London ikatia sahihi. Ikapita miaka. Baraza letu la hapa likatunga sheria ya kuupokea mkataba. Ikapita miezi. Mwishowe Gavana akatoa amri ya kuyataja mashirika yenyewe, na mimi, kwa furaha ya kuona mwisho wa makaratasi hayo, nikaibandika siku hiyo hiyo. Mstari wa mwisho haukuenea kwenye ukurasa, nikaukata kwa mkasi.

Mzee Adelard akaibandua amri yangu kwa mvuke wa birika la chai, mbele ya matarishi wote, akiniuliza tarehe iko wapi. Mstari nilioukata ulisema amri itaanza siku ambayo Gavana ataitangaza, na Gavana hakuwa ametangaza kitu. Nilimnunia mwezi mzima.

Kisha lori la shirika moja la kuchunguza visima likarudi nyuma pale Temeke, likaingia katika nyumba ya Bi Somoe binti Mwinshehe, mjane mwenye watoto wanne. Ukuta wa mbele wote ulianguka, na masika ndiyo kwanza yanaanza. Alipokuja kushtaki, ofisi nzima ilimwambia anajisumbua bure, shirika lina kinga. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote. Mzee Adelard hakubishana na mtu, alimfungulia jalada.

Wakili wa shirika alifika na nakala ya amri, akataka shauri lifutwe. Hakimu akafungua kitabu chake, hakuona kitu. Akaagiza Magazeti yote ya Serikali yaliyotoka tangu amri hiyo. Wakili aliyapekua tangu asubuhi hadi adhuhuri, koti kalivua, na tarehe asiione. Kama kipande changu kingebaki kitabuni, hakimu angekisoma, na mama yule angerudi kwenye vifusi vyake. Naona aibu mpaka leo. Hakimu alikataa kulifuta shauri, na shirika likamjengea ukuta mpya wa matofali ya saruji.

Kwa nini Serikali ilisahau tarehe miezi kumi na minne, hakuna anayejua, na ukiuliza unaambiwa uandike barua. Jumatatu iliyopita ikakumbuka. Kinga inaanza tarehe mosi Julai, siku ya kwanza ya Mzee kuwa nyumbani.

Aliisoma notisi hiyo mara tatu, akitafuta kosa. Hakuliona. Akaibandika, imenyooka kabisa. Kisha akaniagiza kwamba akija mwingine aliyebomolewa nyumba, nimpe kiti kwanza, ndipo nimwambie haiwezekani.

Asante kwa yote, Mzee Adelard, hata kwa yale mabasi. Tunakutakia maisha mema na afya huko Kinondoni. Kiti nimekwisha kukiweka mbele ya meza yangu.

Fransis Lugongo, karani