Glenys Ormerod, Mhariri Aliyekataa Harusi ya Kijakazi

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Bi Glenys Ormerod anaondoka kampuni yetu ya vitabu, Tarrant na Sowerby, baada ya kuhariri riwaya zetu kwa miaka thelathini na sita. Kadi ya mwaliko mliyopokea inasema anastaafu kwa hiari. Si kweli. Nimeombwa niandike ukurasa huu wa programu ya kumuaga kwa furaha, nami nitajitahidi, lakini siwezi kuanza kwa uongo katika sherehe ya mwanamke huyu.

Glenys ni mtoto wa Burnley, ambako mama yake na bibi yake walifanya kazi kwenye viwanda vya pamba mpaka kelele za mitambo zikawaharibia masikio. Alikuja London kuwa karani wetu, na haukupita muda mrefu akapewa mswada wa kwanza. Tangu hapo, kila mwandishi aliyetaka kuturudisha enzi ya Malkia Victoria alipitia mezani kwake. Walikuwa wengi, maana waandishi wa leo hawaishiwi hamu na enzi ile: ukungu, taa za gesi, magari ya farasi, siri ndani ya nyumba kubwa. Glenys mwenyewe aliipenda kuliko wote. Alichokataa ni ukungu huo kutumiwa kuwafichia watu maovu yao.

Wakongwe wa ofisi wanamkumbuka bwana mmoja maarufu aliyeandika kwamba kijakazi wa riwaya yake “alipanda ngazi akiimba,” huku amebeba ndoo mbili za makaa. Glenys alimwekea ndoo mbili pale mapokezi.

“Haya, mpenzi,” akamwambia. “Ghorofa ya nne. Na uimbe, tukusikie.”

Alifika ya pili akihema kama mbwa. Wimbo ukafutwa. Bwana yule alimtumia maua kila Krismasi hadi alipofariki.

Sasa nifike kwenye lililotuleta hapa. Miaka mitatu iliyopita Glenys alimpata Joanne Thackray, mwalimu wa shule huko Leeds, aliyekuwa ameandika riwaya yake ya kwanza. Ilimhusu Hester, kijakazi wa miaka kumi na sita ambaye bwana mwenye nyumba anamwingilia kwa nguvu, kisha mkewe anamfukuza akiwa mjamzito, katikati ya baridi. Glenys aliusoma mswada ule ndani ya treni akapitiliza kituo chake. Walifanya kazi pamoja mwaka mzima, wakigombana na kucheka kwenye simu mpaka ofisi nzima ikamjua Hester kama jirani.

Kisha mkurugenzi wetu mpya, Bwana Piers Lavington, akaita kikao. Nilikuwepo. Watu wa filamu wameipenda, akasema, ila wanataka mabadiliko madogo: bwana amwoe Hester.

“Wasomaji wanataka magauni, Glenys. Hawataki machozi. Mfanye tu awe mpenzi wake.”

“Piers, mwanangu,” Glenys akajibu, “huyo si mpenzi. Huyo ni mbakaji aliyevaa kofia ndefu.”

“Ni hadithi tu! Watu wenyewe walishakufa zamani.”

“Ndiyo maana hawawezi kujitetea.”

Wiki ile ile alinyang’anywa kitabu. Kilikabidhiwa mtu mwingine, naye Joanne, ambaye hakuwa na mtetezi tena, alibanwa mpaka akakubali. Glenys hakumlaumu hata mara moja. Mimi nililaumu, na bado nalaumu, lakini si Joanne. Kitabu kilitoka na gauni la zambarau kwenye jalada na kengele za kanisa kwenye sura ya mwisho.

Kilizinduliwa katika duka la vitabu mjini Leeds. Glenys alikwenda kwa nauli yake, akaketi nyuma kabisa. Joanne alipomaliza kusoma ile harusi, watu wakapiga makofi. Ndipo akasimama bibi mmoja, Edna Clegg, akiegemea mkongojo.

“Umesoma vizuri, binti,” akasema. “Ila bibi yangu alikuwa mtoto wa kijakazi kama huyo. Mama yake hakuolewa na mtu. Alizalia kwenye zizi la farasi. Sasa huyu wako mbona kaolewa?”

Joanne alifunga kitabu, uso umemwiva kwa aibu.

“Hakuolewa, mama,” akasema. “Waliniambia nimwozeshe, nikamwozesha. Nisamehe. Naomba nikueleze ilivyokuwa.”

Akasimulia sura iliyokatwa, kutoka kichwani, huku analia. Alipokwama, Glenys alimkumbusha sentensi kutoka kule nyuma. Bi Edna alisikiliza akiwa amesimama mpaka mwisho.

Habari ilifika magazetini, nayo yakapiga kelele. Toleo la pili likatoka bila harusi, likashinda tuzo, na Bwana Lavington ndiye aliyepanda jukwaani kusifu “ujasiri wa kampuni yetu.” Mwezi uliofuata Glenys aliitwa akaambiwa nafasi yake haipo tena. Huo ndio ujasiri wetu. Hiyo ndiyo hiari yake. Bwana Lavington, najua uko safu ya mbele na unausoma ukurasa huu sasa hivi.

Jumatatu niliwekewa mswada mwingine mezani: mwenye kiwanda mwenye macho ya huruma, na watoto yatima wanaompenda kwa kuwafanyisha kazi. Nimeurudisha. Nimesema sitauhariri hivyo ulivyo, na wenzangu wawili wametia saini pamoja nami. Huenda mwakani mtaandikiwa programu nyingine kama hii, ya kutuaga sisi.

Glenys, asante kwa kutufundisha kukataa. Unarudi Burnley kwa dada yako, na tunasikia Joanne anakuletea mswada mpya siku ya Pasaka. Tunakuombea afya, chai ya moto na majirani wasumbufu wa kugombana nao. Upumzike mwili, mama. Ulimi usiupumzishe.